Gari Lilalalo Nje na Jicho la Kamera

Katika kisiwa kidogo kama Kudhaa, kusini ya Kismayu, mali kubwa ya mtu ni chombo chake cha bahari, nacho hulala ufukweni. Watu wa hapo huvijua vyombo kama wajuavyo watoto wa jirani, na mgeni ashikaye kamba isiyo yake hana budi kuulizwa. Wabajuni wengi walipohama visiwa vyao kwa sababu ya vita vya 1991 na kukaa Mombasa na kwingineko, waliingia katika miji ambamo mali hulala mbele ya watu wasiojuana. Tena mwenye gari katika Mji wa Kale wa Mombasa, sawa na mwenziwe wa Mji Mkongwe wa Unguja, mara nyingi huliacha mbali na mlango wake, maana vichochoro havipitishi gari. Akichungulia dirishani usiku haoni kitu.

Ndiyo sababu wengi siku hizi huulizia kamera zile zifungwazo ndani ya kioo cha mbele, ziwezazo kukesha gari likiwa limeegeshwa. Yafaa kuzijua kabla ya kutoa fedha.

Kamera ya namna hii hukesha kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupiga picha moja moja kwa kituo, usiku kucha. Ya pili ni kungoja: chombo kidogo ndani yake huhisi gari likigongwa au kutikiswa, au kamera yenyewe huona kitu kikipita, ndipo ianze kurekodi. Kadi ya kumbukumbu ikijaa, picha za zamani hufutwa na mpya kuandikwa juu yake. Kadi ya gigabaiti 64 huchukua kama saa tisa za picha safi, basi mwenye kugundua hasara Jumatatu asistaajabu kukuta usiku wa Ijumaa umekwisha kufutika, isipokuwa kamera iliufungia kwa sababu ya mtikisiko.

Sasa tuje kwenye betri, ambako wengi huumia. Kamera iliyo macho hula kama wati nne. Kwa betri ya volti 12, hiyo ni theluthi moja ya ampea. Usiku mmoja wa saa 12 humaliza ampea-saa nne, jambo dogo kwa betri nzima ya gari dogo yenye ampea-saa 45. Lakini mwenye gari akisafiri juma zima na kuliacha limeegeshwa, hesabu hufika 56, nayo betri hiyo haina. Atarudi akute gari zima, halikuguswa na mwizi, na haliwaki. Mwambie fundi umeme afunge kifaa kinachokata umeme wa kamera betri ishukapo karibu na volti 12, asiridhike kuunganisha waya tu kwenye kisanduku cha fyuzi. Betri yako ikiwa kuukuu, anza kwa kununua betri.

Joto la pwani nalo ni adui. Gari lililofungwa juani, sehemu ya juu ya dashibodi huweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Kamera zenye kibetri cha lithiamu ndani yake huvimba na kuharibika. Zenye kapasita huvumilia zaidi, nazo ndizo tunazopendekeza.

Na je, huona nini? Mchana huona mengi, hata ya mbinguni: Februari 2013 kimondo kilipopasuka juu ya Chelyabinsk, Urusi, dunia ilikitazama kwa kamera za madereva. Usiku mambo ni mengine. Pasipo taa ya barabarani kamera huona kivuli tu. Zile zenye mwanga usioonekana kwa macho hazisaidii sana, kwani mwanga huo hurudishwa na kioo na kumulika ndani ya gari. Isitoshe, mwizi wa vioo vya pembeni huja ubavuni, akijikunja chini ya dirisha, ambako kamera ya mbele haimfikii vizuri. Kwa vioo hivyo na taa, ile desturi ya Dar es Salaam na Nairobi ya kuchora namba ya gari juu yake ina faida zaidi kwa gharama ndogo, maana hupunguza wanunuzi. Na egesha chini ya taa, karibu na mlinzi unayemjua na kumlipa kwa wakati.

Liko jambo zito kuliko kupotelewa na kioo. Picha ya kivuli, ikisambazwa katika simu za mtaa ikiwa na neno “mwizi”, yaweza kumfikisha kijana kwenye rungu na tairi la moto kabla ya mtu kuuliza jina lake. Katika miji yetu haya yametokea kwa kelele tu, bila picha. Kijana yule huenda alikuwa akiokota mpira, au akikwepa dimbwi. Picha ipelekwe kituo cha polisi, na kwingine popote isipelekwe. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu ya 2019, na Tanzania ya 2022; na hata pasipo sheria, jirani ana haki asirekodiwe mlangoni mwake kila usiku. Geuza gari.

Ukienda polisi, chukua kadi yenyewe, usipige picha ya picha kwa simu. Kabla ya hapo, leo hii, sahihisha saa ya kamera, maana kamera nyingi hukaa na tarehe ya kiwandani, na ushahidi wenye mwaka usio wake hukataliwa kwa urahisi. Nayo kamera huhesabu saa kuanzia usiku wa manane: ikionyesha 02:14, katika maelezo yako andika saa nane na dakika kumi na nne usiku, kisha ile tarakimu ya kamera pembeni yake.