Kipimo cha Siku Moja Hakitoshi



Siku hizi mashine za kupimia presha haziko hospitali peke yake. Zinauzwa pia mjini Dodoma. Vijana wanaofanya kazi mjini huwanunulia wazazi wao na kuzileta kijijini. Jambo hili ni jema, lakini limeleta ubishi.

Mama mmoja anapimwa zahanati. Anaambiwa presha yake ni 158 kwa 94. Anarudi nyumbani, anapima tena, anaona 132 kwa 82. Jirani anasema, "Zahanati wamekudanganya. Acha dawa." Mganga naye anasema, "Mashine ya nyumbani ni mchezo wa watoto."

Kwa maoni yangu, wote wawili wanakosea. Namba zote mbili zinaweza kuwa za kweli.

Presha ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Nguvu hiyo hupanda na kushuka mchana kutwa. Mtu aliyetembea mwendo mrefu juani, kisha akapimwa papo hapo, presha yake itakuwa juu. Ugoro, sigara na kahawa huipandisha. Mkojo uliobana huipandisha. Kuongea wakati wa kupimwa huipandisha pia.

Hata hofu huipandisha. Mwaka 1983 madaktari wa Italia walieleza jinsi walivyopima presha ya wagonjwa mfululizo, bila kukatiza. Daktari alipofika kitandani, namba ya juu ilipanda kwa wastani wa 27 hivi. Baadaye ikashuka kidogo kidogo. Mgonjwa ni yule yule. Kilichobadilika ni kumwona daktari.

Wako pia watu wa namna nyingine. Zahanati namba zao ni nzuri, lakini nyumbani ziko juu. Hawa wako hatarini, kwa sababu hakuna anayejua kuwa wanaumwa.

Sisi wakulima wa Dodoma tunaelewa jambo hili. Mvua moja ya Desemba haituambii kama mtama utakomaa. Tunatazama mvua za msimu mzima. Presha nayo itazamwe hivyo hivyo.

Kwa hiyo nashauri tutumie daftari. Pima asubuhi kabla ya kula na kabla ya kumeza dawa. Pima tena jioni. Kwanza kaa kimya dakika 5. Egemeza mgongo. Miguu ikanyage chini, usiikunje. Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo. Pima mara 2, ukingoja dakika 1 katikati. Andika tarehe, saa na namba zote. Usiandike zile zinazokupendeza tu. Fanya hivyo siku 7, kisha peleka daftari zahanati.

Chukua na mashine yako. Upimwe kwa mashine zote mbili pale pale, ili ijulikane kama yako inapima sawasawa.

Kumbuka kwamba mpaka wa nyumbani si sawa na wa zahanati. Zahanati, presha huhesabiwa kuwa ya juu ikifika 140 kwa 90. Nyumbani, wastani ukifika 135 kwa 85 tayari ni juu. Ukiona 180 kwa 120 au zaidi, pima tena baada ya dakika chache. Ikibaki hapo, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Ukiwa pia na maumivu ya kifua, ganzi ya upande mmoja au ulimi mzito, usingoje kupima tena. Nenda upesi.

Waganga nao nawaomba mambo mawili. Wampe mgonjwa nafasi ya kupumzika kabla ya kumpima. Tena wasome daftari lake.

Asiye na mashine asiachwe nyuma. Kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kununua mashine moja ya kufunga mkononi juu ya kiwiko, ikazunguka nyumba kwa nyumba.

Lakini mtu asiache dawa kwa sababu ya namba nzuri ya nyumbani. Huenda ni nzuri kwa sababu anameza dawa. Kiharusi hakipigi hodi. Anayetaka kupunguza dawa aende na daftari, wakaamue pamoja na mganga.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini namba za nyumbani na za zahanati hutofautiana?
2. Je, kijiji chetu kinaweza kupata mashine ya pamoja? Nani aitunze?