Mwanao anataka udaktari wa nje? Usiuze miti kabla hujauliza

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa baba mmoja wa Makambako. Alianza na salamu ya nyumbani, "Kamwene, dada," kisha akaingia moja kwa moja kwenye lililomsibu. Binti yake amemaliza Kidato cha Sita, mchepuo wa PCB, na anataka kuwa daktari anayetibu na kufanya utafiti. Wakala mmoja amewaambia kuna chuo cha ostiopathi Ulaya. Akimaliza atarudi daktari, na akiongeza miaka michache atakuwa na PhD. Kinachotakiwa ni malipo ya kwanza kabla ya mwisho wa mwezi.

"Nina ekari nne za paini za miaka saba," alisema. "Mnunuzi yupo. Niuze?"

Mtu wa Njombe hahitaji kuelezwa uzito wa swali hilo. Paini ya miaka saba bado haijawa mbao. Ukiiuza leo, faida ya miaka yote iliyobaki umempa mnunuzi.

Tuanze na neno lenyewe. Ostiopathi ilianzishwa na daktari Mmarekani, Andrew Taylor Still. Mwaka 1864 alizika watoto wake watatu kwa homa ya uti wa mgongo, dawa za wakati ule zikiwa zimeshindwa. Akaanza kutafuta njia nyingine ya kutibu, akaweka mkazo kwenye mifupa, misuli na viungo. Mwaka 1892 akafungua chuo mjini Kirksville, jimbo la Missouri.

Tangu hapo njia ziligawanyika, na hapa ndipo wazazi wanapopotea. Marekani, mwenye shahada ya D.O. ni daktari kamili: anaandika dawa, anapasua, anazalisha, sawa na mwenye M.D. Lakini Uingereza na nchi nyingine nyingi za Ulaya, mtaalamu wa ostiopathi hutibu maumivu ya mgongo, shingo na viungo kwa mikono. Ni kazi halali na ina masomo yake, ila si udaktari wa hospitali. Neno ni moja, kazi ni mbili tofauti.

Nilipomweleza hivyo, yule baba alinyamaza kidogo. Wakala hakuwa amemwambia.

Je, njia ya Marekani ya kuunganisha D.O. na PhD ipo? Ipo. Chuo Kikuu cha Michigan State ni kimojawapo kinachoitoa. Kwa kawaida mwanafunzi husoma udaktari miaka ya mwanzo, anasimama kwa miaka kadhaa kufanya utafiti wa uzamivu, kisha anarudi wodini kumalizia. Huchukua miaka saba hadi minane. Lakini kabla ya kuingia anatakiwa awe na shahada ya kwanza, ambayo kule ni miaka minne. Akihitimu, bado kuna mafunzo ya hospitali ya miaka mitatu au zaidi. Pia fedha nyingi za serikali ya Marekani za kugharamia masomo hayo pacha ni za raia na wakazi wa kudumu. Kwa kijana wa Kidato cha Sita kutoka Makambako, mlango huo haufunguki kwa malipo ya wakala.

Matunda ya madaktari wa aina hiyo yako jirani. Profesa Terrie Taylor wa Michigan State, mwenye shahada ya D.O., amewatibu na kuwachunguza watoto wenye malaria kali Blantyre, Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, tangu miaka ya 1980. Mwaka 2015 yeye na wenzake walionyesha, kwa kutumia mashine ya MRI, kwamba wengi wa watoto wanaokufa kwa malaria ya ubongo huwa ubongo wao umevimba sana. Daktari aliyewaona watoto wakifa wodini ndiye aliyeuliza kwa nini wanakufa.

Na huhitaji kwenda mbali kumpata daktari wa namna hiyo. Profesa Julie Makani alisomea udaktari Muhimbili, akahitimu mwaka 1994. Baadaye alifanya utafiti wa uzamivu kuhusu selimundu, ugonjwa unaowatesa watoto wengi nchini, akajenga hapohapo Muhimbili mpango unaofuatilia maelfu ya wagonjwa. Mwaka 2011 alipewa tuzo ya Royal Society Pfizer ya Uingereza. Alianza na udaktari wa hapa nyumbani, utafiti ukafuata.

Njia ya hapa ni hii: miaka mitano ya shahada ya udaktari, mwaka mmoja wa utarajali, kisha usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Hapo kijana anaweza kuajiriwa. Shahada ya uzamili na ya uzamivu hufuata, mara nyingi kwa ufadhili. Ni zaidi ya miaka kumi, sawa na kule, ila katikati anapata mshahara. Kwa miaka ya mwanzo kuna mkopo wa HESLB, na kwa waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi kuna Samia Skolashipu.

Mzazi, kabla hujatoa hata shilingi, uliza haya:

Kwanza, mhitimu wa chuo hicho, katika nchi hiyohiyo, anaruhusiwa kuandika dawa na kufanya upasuaji? Kama hapana, mwanao hatarudi daktari.

Pili, TCU inaitambua shahada hiyo? Na Baraza la Madaktari litamsajili? Waulize wao wenyewe, usimtume wakala akuulizie.

Tatu, nani atalipa mwaka wa pili, wa tatu na wa nne? Miti huuzwa mara moja, ada hudaiwa kila mwaka.

Nne, mwulize mtoto mwenyewe: unataka kujua nini?

Hili la nne niliomba nimwulize binti mwenyewe. Alisema anataka kujua kwa nini watoto wa Njombe ni wafupi kuliko umri wao wakati nyumbani kuna viazi, mahindi, maziwa na parachichi. Swali lake si la kitoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani kwetu wana udumavu. Swali hilo halihitaji Ulaya ili lianze kujibiwa. Linahitaji daktari atakayekaa na mama zetu kliniki, awasikilize, apime, aandike.

Jumapili baba alinitumia ujumbe mfupi. Anasaidiana na binti kujaza maombi ya vyuo vitatu vya hapa nchini, na wakala ameshaacha kupokea simu zake.

Miti ipo bado. Itafika umri wa mbao binti akiwa anavaa koti jeupe, na pengine hapo ndipo itakapohitajika kweli.