Harufu ya Muhuhu

Kuna harufu ambazo mtu hazisahau hata akiwa mzee wa kutembelea mkongojo. Kwa mmoja ni harufu ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Kwa mwingine ni moshi wa kuni katika nyumba ya nyanya yake. Kwangu mimi ni harufu ya muhuhu, na juma hili nataka kuwaeleza wasomaji wangu jinsi harufu hiyo ilivyonikuta mahali nisipoitazamia, ikaniuliza swali ambalo hapana mtu aliyepata kuniuliza.

Muhuhu ni mti wa misitu mikavu ya Afrika ya Mashariki. Ubao wake ni mgumu na mzito, mchwa hawaupendi, na ukikwaruzwa kidogo tu hutoa manukato matamu. Watu wameutumia kwa nguzo na kwa sakafu za nyumba, na wachongaji wameutumia kwa vinyago. Lakini mti huu hukua polepole mno. Mtu apandaye muhuhu leo hajipandii mwenyewe, wala pengine hampandii hata mwanawe.

Sisi ni watu wa Wamunyu, katika Ukambani, na mtu akitaja Wamunyu ametaja uchongaji. Habari zake zinajulikana. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ya 1914 hadi 1918, mtu wa kwetu aitwaye Mutisya Munge alifika Tanganyika, akawaona Wazaramo wakichonga mpingo. Aliporudi nyumbani alianza kuchonga, majirani wakamwiga, na watoto wa majirani wakawaiga baba zao, hata kazi hiyo ikawa chakula cha maelfu ya watu. Wengi waliwafuata wanunuzi mpaka pwani, na mwaka 1963 wachongaji Wakamba waliunda chama chao cha ushirika huko Changamwe, Mombasa.

Baba yangu alikuwa mmoja wa hao waliokwenda pwani. Alichonga ndovu na twiga katika banda la makuti, ameketi chini, gogo amelibana kwa nyayo zake, tezo mkononi. Nyumbani alikuja mara mbili kwa mwaka, wakati wa Pasaka na wakati wa Krismasi. Tulimjua kwa shati lake kabla ya kumwona uso, kwa maana harufu ya muhuhu ilikuwa imeingia katika nyuzi za nguo wala sabuni haikuweza kuitoa.

Alikuwa fundi mwaminifu. Nakumbuka likizo moja alikuja na ndovu ambaye hajamaliza kumpiga msasa, akanionyesha tumbo la mnyama yule, mahali ambapo mnunuzi hatazami. Alilisugua asubuhi nzima. Nilipomwuliza sababu, alisema kwamba kinyago kilichong'aa mgongoni kikaachwa na makwaruzo tumboni ni uongo, na mwenye kukiuza anauza uongo. Neno hilo nimelichukua mpaka afisini. Kila nifungapo jalada hutazama kwanza zile karatasi za chini ambazo mkubwa wangu hatazifikia.

Kwa ndovu hao na twiga hao nilisomeshwa. Katika miaka yangu minne ya shule ya sekondari ya misheni, karo haikukawia hata muhula mmoja. Wenzangu walirudishwa nyumbani, nami nikabaki darasani. Nilimshukuru Mungu kwa jambo hilo, nikamshukuru na baba. Sikudhani kwamba kuna mwingine wa kushukuriwa.

Basi, baada ya miaka mingi nilipata uhamisho kwenda Kilifi. Jumamosi moja wenzangu wa afisini walinialika tukatembee katika msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio karibu na Malindi. Ni msitu mkubwa, yapata kilometa za mraba 420, na ndani yake wako ndege na wanyama ambao hawapatikani ila mahali pachache sana duniani. Tuliongozwa na mzee mmoja wa Kigiriama, mtu mpole wa maneno machache, aliyejua kila mti kwa jina.

Tulipofika mahali penye uwazi kidogo, mzee alisimama kando ya kisiki cha kijivu kilichokuwa hapo miaka mingi. Alitoa kisu, akakwaruza ukoko wa juu, akaniambia, "Nusa, bwana."

Niliinama nikanusa. Mara nikawa mtoto wa miaka minane, nimesimama kando ya barabara ya Wamunyu jioni ya mkesha wa Krismasi, nampokea baba begi lake.

Mzee hakujua mimi ni mtoto wa nani. Aliendelea kutueleza kwa sauti ile ile kwamba zamani mihuhu mikubwa ilikuwa mingi sehemu ile, lakini ilikatwa mmoja mmoja kwa ajili ya vinyago. Iliyoachwa, alisema, ni ile iliyopinda na yenye uvungu, isiyomfaa mchongaji. Nilimwuliza ni nani waliokata. Akajibu, "Wengine walitoka papa hapa vijijini kwetu, bwana, maana walikuwa na njaa. Na hao walionunua nadhani walikuwa na njaa pia."

Mimi ni karani; kazi yangu ni kuandika kilichoingia na kilichotoka. Usiku ule usingizi haukuja, nikajaribu kuifanya hesabu hiyo kitandani. Mihula kumi na miwili ya karo ni ndovu wangapi? Ndovu hao ni magogo mangapi? Na magogo hayo ni miti mingapi, yenye umri gani? Sikupata jibu, kwa sababu upande mmoja wa daftari ulikuwa haujaandikwa kamwe. Baba yangu, aliyelichunguza tumbo la ndovu wa mti lisiwe na kwaruzo, hakuchunguza gogo lilitoka wapi. Nami niliyejisifu kwa kutazama karatasi za chini sikupata kuitazama karatasi iliyo chini ya elimu yangu mwenyewe.

Mwezi wa Juni nilichukua livu yangu nikaenda nyumbani. Baba sasa amepita miaka sabini, na tezo ameiweka chini kwa ajili ya mgongo. Jioni ya pili, tulipokwisha kula, nilimsimulia habari za kisiki kile. Nilisema polepole, nikiogopa asije akadhani kwamba mtoto aliyesomeshwa amekuja kumhukumu aliyemsomesha.

Baba alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, msitu huo sikupata kuuona. Gogo lilifika bandani juu ya mkokoteni, nami niliuliza bei tu. Lakini nisikudanganye, nilijua. Nilipoanza kazi tuliletewa magogo manene kama kinu. Miaka ikaenda, yakawa kama paja langu. Mwisho yakawa kama mkono. Fundi huona, hata asiposema."

Nikamwambia neno la yule mzee juu ya miti iliyopinda. Hapo aliinua kichwa, akacheka kidogo bila furaha. "Umefuga ng'ombe wewe? Ni mfugaji gani amchinjaye fahali aliye bora, akamwacha kilema awe ndiye baba wa ndama? Sisi tulifanya hivyo kwa miti. Kila mwaka tulichagua ulio mzuri, tukaula."

Wakulima watamwelewa bila maelezo yangu.

Ni kweli kwamba jambo hili halikupita bila kuonekana. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa mimea na wa misitu waliwahimiza wachongaji kuuacha muhuhu na mpingo, watumie miti ikuayo upesi kama mwarobaini, mjakaranda na mwembe. Wengi walikubali. Baba naye alichonga mwarobaini katika miaka yake ya mwisho pwani, na ilimpasa kujifunza upya, kwa kuwa ubao wake usipokaushwa vizuri hupasuka. Lakini kuuacha mti usikatwe ni nusu ya kazi. Dawa ya deni ni kulipa, na mwenye kuacha kukopa bado hajalipa.

Asubuhi yake baba aliniita nyuma ya nyumba. Chini ya kivuli cha majani makavu aliyoyatandaza juu ya miti minne, nilikuta miche imepangwa katika mifuko ya karatasi za maziwa na makopo ya zamani. Ilikuwa miche ya mukau, mti wetu wa asili katika nchi kavu. Mukau hustahimili jua, mchwa hauwezi, hutoa mbao nzuri, na katika shamba linalotunzwa hufaa kukatwa baada ya miaka kumi hadi kumi na mitano. Lakini kuna jambo moja linalowashinda watu wengi, nalo ni mbegu. Ukiipanda kokwa ya mukau kama upandavyo hindi, utangoja mpaka uchoke.

Baba alinionyesha namna yake, nami naiandika hapa kwa faida ya wakulima. Kokwa aliziokota katika zizi la mbuzi, kwa kuwa mbuzi hula nyama ya tunda na kuzitema kokwa wanapocheua. Aliiweka kokwa juu ya kigogo, akaegesha kisu juu ya ule mstari wa ubavuni, akapiga kwa nyundo ya mti, pigo moja tu. Kokwa ilipasuka, na ndani yake zikatoka mbegu ndogo nyeusi. Aliikata ile ncha ya mbegu kidogo sana, kiasi cha ncha ya sindano, akaziloweka usiku kucha. Siku ya pili alichukua wembe, akaichana ngozi ya kila mbegu kwa urefu bila kuigusa nyama ya ndani, kisha akazifukia katika mchanga safi wenye unyevu na kuzifunika kwa karatasi ya nailoni. Baada ya siku chache huota.

Niliomba nijaribu. Nilipewa mbegu kumi, nikaharibu sita. Mkono uliozoea kalamu na mihuri ulikandamiza mno, wembe ukaingia katika kiini. Baba katika kumi zake aliharibu moja, naye haoni vizuri. Akaniambia, "Polepole. Hapa hakuna msasa wa kurekebisha."

Niliitazama mikono yake na makovu yake yote ya tezo. Ujuzi ule ule uliomwonyesha mahali pa kulichanja gogo ndio uliomwonyesha mahali pa kuichanja mbegu. Mkono haukubadilika, kazi ndiyo iliyogeuzwa.

Mama alinisimulia jambo jingine baba asipokuwapo. Katika ibada ya shukrani ya mavuno watu walileta kanisani mahindi, kunde, kuku na mbuzi, kama ilivyo desturi. Baba alileta mche mmoja wa mukau katika kopo. Wazee wa kanisa walitazamana, wasijue wauweke wapi. Baada ya ibada, sadaka zilipouzwa kwa mnada, watu walicheka mche ulipoinuliwa, na ukanunuliwa na msichana mmoja wa shule kwa shilingi ishirini. Jumapili iliyofuata baba alikwenda nyumbani kwa msichana huyo kuona ameupanda wapi. Tangu siku hiyo huenda kila baada ya majuma mawili, na wanaocheka wamepungua.

Nimelifikiri sana jambo la sadaka ile. Tunapomshukuru Mungu kwa mavuno tunamletea sehemu ya tulichokwisha kupokea. Baba alileta kitu ambacho bado hakijawa kitu, ambacho huenda yeye asikione kikikomaa. Naye hakuamini kwamba ameulipa msitu. Nilipomwambia kwamba mche mmoja kwa kila gogo ungetosha, alitikisa kichwa: "Mukau si muhuhu, na Wamunyu si Sokoke. Nilichokichukua kule sikirudishi kutoka hapa. Lakini nikikaa bure kwa kuwa siwezi kulipa chote, nitakuwa nimekataa kulipa hata kidogo."

Wasomaji wangu, wengi wetu tushikao kalamu leo tulisomeshwa na kitu kilichokatwa. Mmoja alisomeshwa na vinyago, mwingine na magunia ya makaa, mwingine na mbao zilizopasuliwa usiku. Siwataki mwaone aibu wazazi wenu. Walikuwa na watoto wa kulisha, nasi ndio watoto hao. Nataka tu tuufungue ule ukurasa wa pili wa daftari na kuandika kilichotoka.

Katika zile mbegu nne nilizonusuru, tatu ziliota. Baba ananitunzia miche hiyo mpaka mvua za Novemba, na ameniandikia kwamba mmoja umekwisha pita kimo cha kopo. Nimekwisha omba ruhusa ya siku mbili ili niende nikaipande mwenyewe. Na mkubwa wangu aliponiuliza sababu ya ruhusa, niliandika katika fomu: kulipa deni la nyumbani.