Kinachofunguliwa Kifungwe



Wasomaji wetu wapenzi, juma hili twataka kuwasimulia kosa tulilolifanya kwa mkono wetu wenyewe, huenda likawafaa wengine wenye kuandika.

Tuna tovuti yetu ndogo ambamo huweka darasa za mirathi. Mwezi uliopita alitupigia simu mama mmoja mjane, mwenye watoto watatu. "Maalim," akasema, "nimesoma kwako kwamba fungu langu ni robo. Mashemeji zangu wanasema ni thumuni. Je, wanataka kunidhulumu?"

Moyo ulitushtuka, kwani mashemeji ndio waliosema kweli. Mjane hupata robo iwapo marehemu mumewe hakuacha mtoto. Akiacha mtoto, fungu lake ni thumuni. Hukumu hiyo imo katika Suratun-Nisaa, aya ya 12, nasi tulikuwa tumeziandika hali zote mbili.

Tulipoifungua tovuti, tukaona. Daftarini mwetu kila hali ilikuwa na mstari wake. Kwenye skrini, maneno yote yalikuwa yamegandamana kama tende za kasha. Robo ilionekana juu, na thumuni ilikuwa imezama chini, kati ya fungu la mume na fungu la mama.

Binti yetu, aliye kidato cha tatu, alitabasamu kwa adabu. "Baba, kivinjari hakijali mistari uliyoiruka. Hata ukiruka mara kumi, kwake ni nafasi moja tu. Lazima ukiambie kwa alama."

Basi tukaketi mbele ya mwanetu kama mtoto wa chuoni anayeanza alifu. Lugha hiyo ya alama yaitwa HTML, na mwanzilishi wake ni Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya CERN, karibu na Geneva. Kila alama hukaa ndani ya mabano ya pembe. <p> hufungua aya ya maandishi, na </p> huifunga. <strong> hulitia neno uzito. <ul> na <li> hupanga orodha. Na pale tunapoandika Kiarabu, dir="rtl" huyaelekeza maandishi yaanzie kulia.

Tuliharakisha kuliandika neno "robo" kwa herufi nzito, tukasahau kuifunga alama. Ukurasa mzima ukawa mzito hadi mwisho! "Kinachofunguliwa kifungwe, Baba," akasema. Nasi tukaelewa: maneno yote yakipazwa sauti, hakuna linalosikika.

Kisha tukataka kutumia <h1>, alama ya kichwa cha habari, ili tupate herufi kubwa tu. Akatukataza. Ukubwa na rangi vina lugha yake nyingine, CSS. Vichwa ni vya kupanga maana. Wasioona husomewa ukurasa na programu, na wengi wao hutafuta njia kwa vichwa hivyo. Asiyeona naye ana haki ya kujua fungu lake liko wapi.

Tulihuzunika, kwa sababu jambo hili hatukustahili kufunzwa. Miaka mingi tumewafundisha watoto alama za waqfu katika msahafu, kwamba asiyejua pa kusimama huweza kuigeuza maana. Tukadhani kwamba maneno yetu wenyewe yatasimama bila ya alama.

Sasa kila hali ina aya yake, na sharti limetangulia fungu. Tulimpigia mama yule, tukamtaka radhi. "Sasa nimeona, Maalim," akajibu, "lakini tangu juma lile sisemezani na mashemeji." Alasiri hiyo tukaenda kwa mashemeji wenyewe, tukakiri mbele yao kwamba kosa ni letu, si la mjane.

Enyi kina mama na kina baba, mwenye kuandika amebeba amana. Ikiwa nyumbani mwenu yumo kijana anayezijua alama hizi, msione haya kuketi mbele yake.

Wabillahi tawfiq.