Gundi Haihukumiwi Siku ya Kukauka

Anayejijengea ndege ya mbao hakosi washauri. Wengi ni mafundi hodari, ila wa makabati. Madai yao manne yanahitaji jibu.

"Gundi nyeupe ya seremala inaishinda mbao yenyewe." Ni kweli, ukikivunja kiungo leo: mbao hupasuka kwanza. Lakini mhimili wa bawa hubeba mzigo miaka na miaka. Gundi hiyo, ikielemewa muda mrefu, hasa kwenye joto, hunyumbuka polepole na kiungo kikahama. Kiti kikilegea utakipiga msumari. Bawa likilegea uko angani.

"Ndani ya bawa hakunyeshi mvua." Unyevu hausubiri mvua. Tarehe 31 Machi 1931, ndege ya Fokker F-10 ilivunjika bawa huko Kansas, Marekani. Watu wote 8 walikufa, akiwemo kocha maarufu Knute Rockne. Ilibainika kuwa unyevu ulikuwa umedhoofisha gundi ndani ya bawa, mahali ambapo jicho la mkaguzi halifiki.

"Ukikosa hii, tumia ile." Wajerumani walilazimika kufanya hivyo. Kiwanda cha gundi ya Tego mjini Wuppertal kilipigwa mabomu mwaka 1943, na ndege ya kivita ya Ta 154 ikapewa gundi mbadala. Asidi yake ilikula mbao, na mwaka 1944 ndege zikaanza kukatika angani.

"Epoksi husamehe kila kosa." Husamehe mawili: hujaza nafasi ndogo, wala haitaki kubanwa sana. Haisamehe mbao yenye mafuta wala vipimo vya kukisia unapochanganya. Nyingi pia hulainika kwenye joto kali, ndiyo maana wajenzi makini hupaka mabawa rangi nyeupe. Gundi ya resosinoli, ambayo mwongozo wa ukarabati wa mamlaka ya anga ya Marekani huipa nafasi ya kwanza, huvumilia joto na maji, lakini inadai viungo vilivyokutana barabara, vibano vya nguvu, na karakana isiyopungua nyuzi 21 za Selsiasi. Basi jipime wewe kabla ya kuipima gundi.

Na kila unapochanganya, gundisha vipande vya majaribio, kisha uvivunje. Kiungo kikiachia kwenye gundi badala ya mbao kupasuka, rudia kazi ya siku hiyo. Jaribio hilo halithibitishi miaka ishirini ijayo, ila hunasa kosa la leo kabla halijafunikwa ndani ya bawa.