Mama Prezidanti, ni kiti ao ni wewe?

Juma hili tuzungumze jambo moja linaloharibu vikundi vyetu hata pale ambapo hakuna feza iliyoibiwa: hatujui ni wakati gani kiongozi anasema kama kiongozi, na ni wakati gani anasema kama mama mwenzetu.

Tuchukue AVEC, maana wengi wetu tuko ndani yake. Mpango huo ulianza Niger mwaka 1991, na ulipofika kwetu ulikuja na hekima yake. Wanachama ni kama 15 mpaka 25. Komite ni watu watano: prezidanti, sekretere, mtunza sanduku na wahesabu feza wawili. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na wanachama watatu wasio wa komite, ili mtu asilifungue peke yake. Feza tumezilinda vizuri. Lakini neno la kiongozi hatukuliwekea kufuli.

Tuseme mama mmoja anaomba mkopo aanze kuuza sambaza. Prezidanti anajibu: "Aa, sambaza siku hizi hazina faida. Mimi nilijaribu, nikapoteza." Ametoa shauri tu, kwa moyo mzuri, kama angelitoa jikoni kwake. Lakini ameketi mbele, na daftari la kikundi liko mezani pake. Wengine wananyamaza. Sekretere haandiki kitu. Yule mama anaelewa kwamba amekataliwa. Kesho yake yuko kwa lambert wa mtaani, pale deni linapozaa deni. Hakuna kura iliyopigwa. Ukimuuliza prezidanti, atashangaa: "Nani alimkataza?"

Sisi tunaofundisha tunalijua jambo hili. Mwalimu akisema darasani "mimi nadhani", mtoto anasikia "ni lazima". Kiti kinaongeza uzito wa neno, hata kama aliyeketi hakutaka. Kwa hiyo ni kazi ya kiongozi kuonyesha ni kinywa gani kinachosema.

Watu wengine waliliwaza zamani. Kanisa Katoliki lina maneno ya Kilatini, ex cathedra, maana yake "kutoka kitini". Mwaka 1870 Mtaguso wa Vatikani ulieleza kwamba Papa hasemi hivyo kila anapofungua kinywa, ila tu anapotangaza kwa mamlaka yake yote fundisho la imani ao la mwenendo ambalo Kanisa lote linapaswa kulishika. Tangu mwaka huo, Papa alifanya hivyo waziwazi mara moja, mwaka 1950, kuhusu Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Mahubiri yake mengine yanaheshimiwa, lakini hayana uzito ule.

Kule Marekani, mwaka 1876, askari mmoja aitwaye Henry Martyn Robert alitoa kitabu cha kanuni za mikutano, na vyama vingi vinakifuata mpaka leo. Katika kanuni hizo, anayeongoza mkutano hajiiti "mimi", anajiita "kiti". Akitaka kushika upande mmoja katika mabishano, anamwachia mwingine kiti, na harudi mpaka jambo lile limalizike.

Sisi pia tunaweza, bila gharama yoyote. Tunashauri alama nne.

Ya kwanza ni mwili. Prezidanti akitangaza jambo la kikundi, asimame. Akitaka kutoa mawazo yake juu ya ombi la mtu, amwachie mwingine wa komite aongoze, aende kuketi na wamama wengine, aombe nafasi ya kusema kama wao.

Ya pili ni maneno. "Kwa jina la kikundi" yatumike kwa uamuzi tu. "Kwa mawazo yangu" yatumike kwa shauri. Tukiyazoea, hata mama asiyesoma atatofautisha.

Ya tatu ni daftari. Kila ombi la mkopo lipate jibu moja lililoandikwa na kusomwa kwa sauti: ndiyo, hapana, ao tungoje. Kisichoandikwa kisihesabiwe kuwa uamuzi.

Ya nne ni ujumbe wa simu. Ujumbe wa kazi uanze na neno KOMITE, kisha tarehe na jina la aliyeutuma. Usio na alama hiyo ni mazungumzo. Mtu asibadilishe siku ya mkutano wala asilete feza kwa sababu yake.

Kuna pia ubaya wa upande wa pili. Wako viongozi wanaosema "komite imekata", na komite haikuketi hata dakika moja. Hapo mtu amejificha nyuma ya kiti. Tukumbuke mamlaka ya prezidanti ni yapi: kufungua na kufunga mkutano, kugawa nafasi ya kusema, kutoza faini iliyo ndani ya kanuni zetu, kuongoza kura. Mkopo ni jambo la mkutano wote. Yule mama wa sambaza ana haki ya kupata kura yake. Pengine itakuwa hapana, na pengine prezidanti alisema kweli juu ya sambaza. Lakini iwe hapana ya kikundi, yenye sababu, ili ajue atengeneze nini kabla ya kuomba tena.

Na sisi tulioketi nyuma? Wengi tunaogopa kuuliza, maana prezidanti mara nyingi ni mkubwa wetu kwa miaka. Basi tuulize kwa heshima: "Mama Prezidanti, utusaidie: hapo ni kiti kinasema, ao ni wewe mama yetu?" Swali hilo si dharau. Linampunguzia mzigo, maana lawama nyingi zinazomwangukia zinatoka kwa maneno ambayo hakuyasema kama kiongozi.

Kwenye mkutano wenu ujao, ombeni dakika kumi kabla ya kufungua sanduku. Someni alama hizi nne, mpige kura, na sekretere aandike zile mtakazokubali ndani ya kanuni zenu. Tuonane juma lijalo.