Msiiulize Miguu, Uulizeni Mkono

Mjamzito akivimba miguu, Talatala kama kwingineko Kyela, ushauri hauchelewi: chemsha majani, tia chumvi, loweka miguu kwenye beseni. Kesho yake uvimbe ukipungua, dawa inasifiwa. Naipinga imani hiyo bila kumung'unya maneno, kwa sababu makosa yake hulipwa kwa roho za akina mama.

Uvimbe huo ungepungua hata bila majani. Damu ya mjamzito huongezeka kwa karibu nusu, na mji wa mimba huibana mishipa inayoirudisha moyoni. Aliyeshinda jarubani akipandikiza mpunga, jioni maji humjaa miguuni, akilala, yanarudi. Kazi imefanywa na usingizi, sifa zimekwenda kwa majani.

Hilo ni dogo. Kubwa ni kifafa cha mimba. Mimba ikipita wiki 20, presha inaweza kufika 140/90 na kuendelea, protini ikavuja kwenye mkojo, na mama asihisi chochote. Hakuna jani, la mpera wala la mwarobaini, linaloshusha presha hiyo kupitia nyayo. Beseni likituliza miguu, linatuliza na wasiwasi ambao ungemfikisha mama zahanati.

Nitaambiwa bibi zetu walijiloweka wakajifungua salama. Kweli, kwa kuwa uvimbe wa wengi hauna madhara. Waliokufa hawapo kutoa ushuhuda, na degedege lao liliitwa uchawi. Tena wapo wanaopatwa na kifafa cha mimba bila kuvimba hata kidole. Miguu, basi, si ya kuaminiwa ikivimba wala isipovimba. Wenye jibu ni mkono uliofungwa kipimo cha presha, na mkojo uliopimwa.

Dawa ipo. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa sindano ya magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya degedege hilo kwa zaidi ya nusu. Lakini sindano haimfikii aliyebaki nyumbani na beseni lake.

Kwa hiyo, mama mkwe, na wewe mume: mjamzito akivimba uso au mikono, akiumwa kichwa kisichotulia, akiona ukungu, akiumwa chini ya mbavu, au mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, mpelekeni siku hiyo hiyo. Msingoje mvua za masika zifunge njia. Nanyi viongozi, zahanati isiyo na kipimo cha presha wala cha mkojo ndiyo inayomrudisha mama kwenye majani. Vidaiwe vipimo hivyo kwenye kila mkutano wa kijiji.

Akishapimwa na presha ikawa salama, mwekeeni maji ya uvuguvugu aloweke miguu, kisha alale ubavu, na kesho mwingine ashike zamu yake jarubani. Pumziko hilo ni haki yake.